Ndugu Yangu Aliuza Maombi Yangu ya Makaburini

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mkazi wa Voi, mzaliwa wa kambi ya wakata mkonge. Shule niliiachia darasa la tano. Lakini msinihurumie! Nina maboza ya maji, nina nyumba ya ghorofa kando ya barabara kuu, na wako vijana wenye digrii wanaonisubiri kila asubuhi niwape funguo za gari. Vyote nilivitafuta kwa mgongo wangu huu. Hakuna baba aliyeniachia, hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Sisemi hivyo kwa kujigamba... haya, kidogo ni kujigamba. Lakini nataka mjue anayewasimulia si mtu wa kuchezewa. Nimeibiwa na madereva, nimezungushwa na watu wa ofisi, nimepinduka na gari kwenye mteremko wa Sagalla na bado kesho yake nikapeleka maji. Hao wote hawakuniweza. Aliyeniangusha ni mtu mmoja tu, wa tumbo moja na mimi. Na aliniangusha nikiwa nimepiga magoti!

Nilianza na mkokoteni. Mnaoijua Voi mnajua jua lake, na mnajua mifereji yake inavyokauka wiki nzima bila hata kukohoa. Wenzangu walilia ukame, mimi nikaona kazi. Nilisukuma mitungi nyumba kwa nyumba mpaka viganja vikawa kama ngozi ya kobe. Na juu ya ile mitungi nilikuwa nimempakia mdogo wangu, Mwadime, kwa sababu mama alikuwa amekufa na hapakuwa na wa kumwachia. Dada yetu Wakesho alikuwa amechukuliwa na shangazi huko Werugha. Basi mtoto yule alikua juu ya mitungi yangu, akila mahindi ya kuchoma, akinihesabia wateja. Nilimsomesha. Mimi wa darasa la tano nilimsomesha mtu mpaka diploma!

Sasa mama.

Sisi Wadawida mtu huzikwa kwao, kwenye shamba la ukoo, juu milimani. Lakini baba alikuwa amekwisha kupoteza sehemu yake kule Chawia kabla sisi hatujapata akili, na kambi ya mkonge si mahali pa kuzika mtu. Mama akazikwa makaburi ya umma hapa mjini, katikati ya watu asiowajua. Siku ile nililia kwa sababu amekufa, ndiyo, lakini zaidi nililia kwa sababu hakuwa na pa kulala. Leo ninayo mashamba. Watu waliniambia nimhamishe, nikakataa. Pale alipo ndipo nilipomwacha nikiwa sina kitu, na ndipo nilipomjengea kaburi la vigae vyeusi linalong'aa tangu getini. Hakuna kaburi kama lile pale. Nendeni mkaone.

Nyumba yangu ina kila kitu ila kimya. Mbele malori ya Mombasa yananguruma, nyuma pampu na maboza, ndani watoto na wapwa na televisheni. Simu ndiyo usiseme. "Boss, tanki limekauka na nina wageni!" "Boss, uko njia gani hiyo tangu asubuhi, unatoka Uganda?" Nikisema nikimbilie kanisani, huko nako kuna spika ambazo mimi mwenyewe ndiye niliyetoa mchango mkubwa zinunuliwe. Nilijikomesha! Mtu anapiga kelele "Mungu nisikie" na mimi nilikuwa nataka kumsikia Yeye.

Ikafika siku moja pampu imekufa, dereva amegonga, mke wangu Mama Shali ananiuliza jambo na mimi nikamjibu kama mbwa. Nikachukua gari, nikaendesha tu. Nilipokuja kutulia nilikuwa nimesimama kwenye geti la makaburi.

Niliingia. Ua umevunjwa na ndovu upande wa nyuma na hakuna aliyeurudisha. Udongo mwekundu, miiba, misalaba iliyoinama, bougainvillea iliyopandwa na mtu fulani ikaendelea yenyewe. Nikakaa kwenye kigae cha mama. Nikasikia... hakuna. Nikasikia upepo. Nikasikia njiwa. Kwa mbali gari moshi likapita kwenda Mombasa, likaisha. Wafu hawanywi maji, wasomaji! Hakuna hata mmoja aliyeniita boss. Nililia, nikasali, nikalala palepale kama mtoto mchanga.

Tangu hapo kila Jumamosi alasiri nilikuwa huko. Nikienda na chupa ya maji.

Hiyo chupa lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Kwetu kuna jambo linaitwa kutasa. Wazee walifanya kwa pombe au maji ya muwa. Mama yetu, mtu wa kanisa kabisa, alifanya kwa maji matupu. Tukigombana alitupeleka nje, akatutia kila mmoja funda mdomoni. Unapuliza maji chini, pfuu, halafu unasema kilichokuudhi, halafu unasema, "Imetoka." Hapo hasira imekwisha kutoka mwilini, hairudi kudhuru mtu. Ndipo tunasali Baba Yetu. Kule kambini maji ya kuoga tulikosa, ya kunywa tulipimiwa, lakini funda la kutasa halikukosekana. Na alituonya: "Usimeze! Ukimeza umeila hasira yako, itakulia ndani kama mtoto."

Basi pale kaburini nilikuwa nikifanya hivyohivyo. Napuliza, namtoa dereva. Napuliza, namtoa yule mama wa Kaloleni aliyenitukana mbele ya watu. Namtoa mmoja baada ya mwingine mpaka moyo unakuwa mwepesi. Kisha napiga magoti, namwomba Yesu kwa maneno yangu mwenyewe, maana ya kwenye kitabu hunichelewesha kusoma. Nikirudi nyumbani hata mke wangu alikuwa akiniangalia akitabasamu. "Baba Shali, umetoka wapi umepoa hivi?" Nikamwambia nilikuwa kwa mama. Hakuuliza zaidi.

Ni uchawi huo? Niambieni. Ni ushetani?

Mwadime wakati huo alikuwa mkono wangu wa kulia. Boza moja ndiye aliyeliendesha, wateja wote wa upande wa Sagalla ndiye aliyewajua kwa majina. Kanisani ni mzee wa kanisa, anasoma Kiingereza kile cha kuteleza. Nilijivunia! Kila sherehe nikipewa maikrofoni nilimwita asimame, nikawaambia watu, "Huyu mnayemwona na tai, nilimbeba juu ya mitungi!" Watu wakipiga makofi. Yeye akicheka.

Mwaka jana tukakosana. Alitaka lile boza liwe lake ajitegemee, nikamwambia ngoja kwanza. Akanuna, nikanuna, tukawa tunapitana uani kama majirani wa kesi. Nikaona hapana, mtoto wa mama hatakuwa adui yangu kwa sababu ya gari. Nikamwambia, "Jumamosi twende kwa mama. Tutoe hii kitu."

Alikubali upesi. Na akatoa wazo, "Kaka, twende na boza, tukitoka hapo nipitilize Sagalla na maji." Nikaona ni busara. Tukaenda, tukaliegesha karibu na geti, jina langu ubavuni kwa herufi kubwa nyekundu.

Tulipofika kaburini akatoa simu. Akasema, "Wewe ndiye mkubwa, anza. Mimi nikurekodi, nimtumie Dada Wakesho huko Werugha aone tumepatana. Si unajua anavyolia kila siku kwamba hawezi kushuka kuja kwa mama?"

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, kama wanavyosema majirani zangu Waislamu. Nikashika funda, nikapuliza kwenye udongo, nikasema kwa sauti, "Mama, Mwadime aliniudhi. Nilimkasirikia mpaka nikamwazia mabaya. Ni mtoto niliyembeba. Imetoka, mama. Mungu ambarikie kazi ya mikono yake, anipite hata mimi." Nikapuliza tena, nikapiga magoti, machozi yananichuruzika.

Kisha nikampa chupa yeye. Akatia funda, akasimama, akanitazama... akameza! Akajifuta mdomo, akacheka, "Kiu, kaka. Hili jua!" Na mimi nikacheka. Mjinga mimi, nikacheka! Nikamwambia atie lingine, akasema tayari amesamehe moyoni, Mungu haangalii maji. Simu ikalia, akaenda kuongea kando. Tukaondoka. Sikuona kitu.

Ilikuwa Jumatano Mama Shali aliponiletea simu yake mezani.

Video. Mimi, nimeinama juu ya kaburi, napuliza maji. Nyuma yangu boza na jina langu. Napuliza tena. Napiga magoti, natikisa kichwa. Sauti imeondolewa yote, imewekwa ngoma. Na chini yake mtu ameandika: Sasa mnajua maji yenu yanatoka wapi.

Ilikuwa imefika kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, cha wazazi wa shule, cha bodaboda, cha mtaa. Kwa siku chache sikuwa tena mfanyabiashara. Nilikuwa mtu anayechukua majini makaburini na kuyagawa kwa boza! Wengine walisema huwa naenda saa nane usiku uchi. Wengine walisema kumbe ndiyo maana hakusoma na anajenga ghorofa. Mtu mmoja aliapa kwamba maji yangu yakichemshwa hutoa harufu ya maiti. Watu niliowapelekea maji bure walipofiwa!

Bodaboda wa stendi walinipa jina. Nikipita, "Mzee wa Makaburi! Leo marehemu wamekupa lita ngapi?" Na mwingine, "Wacheni mzaha, atawapulizia nyinyi!" Wanaanguka kwa kicheko. Binti yangu Shali alirudi kutoka shuleni akilia, hakuna aliyetaka kunywa kwenye kikombe chake. Wateja wakaanza kupiga simu. Mmoja amepata maji ya mfereji. Mwingine amesafiri. Mwingine, mama mtu mzima, alikuwa mkweli: "Baba, mimi sina neno na wewe. Lakini niwaoshee wajukuu kwa maji hayo?"

Na usiku mke wangu, tuliyelala kitanda kimoja miaka yote hii, akaniuliza taratibu, "Kwani ukienda huko... huwa unafanya nini hasa?"

Hilo lilinichoma kuliko ngoma yote ya ile video.

Mwadime nilikuwa nimemwita Jumatano ileile. Alikuja amekunja uso, akaniambia simu yake iliibwa stendi. Nikamwamini! Nikamwambia, basi wewe ulikuwepo, wewe ndiye shahidi, simama useme nilichosema pale. Akasema tutulie, itapita, tukikurupuka tutachafuka wote wawili na kazi itakufa. Halafu akanishauri tulipake rangi lile boza lake, tufute jina langu, tuandike la kwake, kwa muda tu, wateja wasipotee. Nikaona kweli kijana amesoma. Nikakubali. Rangi nilinunua mimi!

Na wateja wakarudi... kwake. Boza lake lilichota maji kisima kilekile changu, kwa pampu ileile. Yaliyokuwa maji ya majini yakipita ubavu mweupe wenye jina la Mwadime yakawa maji ya baraka. Maboza yangu yakakaa uani, kuku wakataga chini yake.

Kanisani wakaniita. Mchungaji na wazee wa kanisa, na Mwadime akiwa mmoja wao, ameketi na Biblia magotini. Mchungaji akaniuliza kwa upole kama mtu aliyeokoka anakwenda kutafuta nini kwa wafu. Nikamweleza yote. Kelele za nyumbani, kimya cha pale, mama, funda la maji. Nikamwambia sikuwa nikiongea na wafu, nilikuwa nikiongea na Mungu mahali ambapo nilikuwa nikimsikia. Nilieleza vizuri kadiri ya darasa la tano. Kisha nikasema, "Na Mwadime huyu hapa alikuwepo. Yeye ndiye aliyenirekodi. Muulizeni."

Wote wakageuka. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, nawaambia ukweli. Nikajua sasa inakwisha.

Mwadime akafunga macho kama anayeomba. Akasema, "Kaka... mimi nimewahi kwenda na wewe makaburini lini?"

Akaongeza, kwa sauti ile ya huruma, "Wazee, tumwombee. Amechoka."

Wakaniwekea mikono! Walinizunguka wakakemea pepo, na mkono wa ndugu yangu ulikuwa juu ya kichwa changu. Niliuhisi. Ulikuwa na jasho.

Mnadhani hapo ndipo nilipomwelewa? Hapana. Hivyo ndivyo mtu anavyompenda aliyemlea. Nilitoka nikijiambia ameogopa, ana cheo kanisani, ana watoto, atakuja jioni aniombe radhi. Jioni hakuja. Wala kesho.

Nikapanda Werugha kwa dada yangu. Nilitaka mtu mmoja tu duniani anayeijua kutasa ya mama aniambie sina kichaa. Nilimkuta Wakesho akikama, ukungu umeshuka mpaka kwenye kabeji, akanipa chai ya maziwa kabla hata ya kuniuliza habari. Nikamwambia, "Wakesho, wewe unayo ile video nzima. Ile aliyokutumia Mwadime, yenye maneno. Nipe nikawaonyeshe wale watu."

Akanitazama. "Video gani?"

"Si alikurekodia wewe? Ili uone tumepatana."

Akaingiza mkono kwenye leso kiunoni, akatoa simu yake. Ya vibonyezo, ya tochi, imefungwa kwa raba. "Kaka, mimi na hii? Hii hata picha ya ng'ombe haiwezi. Na Mwadime anajua, ndiye aliyeninunulia laini."

Nilikaa kwenye kiti cha kukamulia pale zizini. Ng'ombe akaendelea kutafuna. Basi yote ilipangwa! Boza tulilokwenda nalo, alivyojisogeza mpaka jina langu likaonekana, "anza wewe ndiye mkubwa." Nilipokuwa nikimwombea baraka kwa machozi, yeye alikuwa akitafuta mahali pazuri pa kusimama. Na alilofuta kwenye ile video ni jina lake mwenyewe kinywani mwangu!

Wakesho hakulia. Yeye ni mtu wa vitendo. Akampigia baba mdogo Nyambu, ndugu wa baba aliyebaki, akamwambia aje, na akampigia Mwadime, akamwambia, "Usipokuja Jumamosi, nitashuka mimi, na nitakuja na mdomo wangu mpaka hapo kanisani kwenu."

Alikuja. Tuliketi sebuleni kwa Wakesho, mlango wazi, ukungu nje kama shuka. Baba mdogo, ambaye masikio yamepungua lakini ulimi haujapungua, alikunywa chai yake yote kwanza, kisha akasema, "Nyinyi ni watu wazima wenye vitambi, mmenipandisha mlima na goti bovu. Nani alimchoma mwenzake?"

Nilidhani atakana. Hakukana. Labda mbele ya Wakesho ulimi wake ulishindwa, maana dada anafanana mno na mama. Alisema aliirekodi akijua. Alisema aliituma kwa watu wawili tu, hakujua itakimbia hivyo. Halafu akanigeukia, na ndiyo mara ya kwanza nikaona uso wake bila kicheko.

"Kaka, mimi ni mtu wa miaka thelathini na tisa. Nina mke, nina watoto, nina diploma. Harusi yangu mwenyewe ulishika maikrofoni ukasema ulinibeba juu ya mitungi. Ubatizo wa mwanangu, juu ya mitungi. Mazishi ya mkwe wangu, kaka, mazishi! Juu ya mitungi. Mimi nitashuka lini?"

Niambieni wasomaji, hiyo ni sababu? Nilikuwa nikimsifu! Mtu akikusifu unamzika akiwa hai?



Baba mdogo akaagiza maji. Wakesho akaleta kikombe cha bati, akasema kwa sauti ya chini, "Kama alivyotufanya mama." Mwadime akapewa wa kwanza. Akaenda mlangoni, akatia funda, na safari hii hakumeza. Akapuliza kwenye ukungu, akasema, "Nilimchukia kaka yangu. Nilichoka kuwa mtoto wake. Nimemuumiza. Imetoka." Akapuliza tena. Alipogeuka alikuwa analia, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama mtu aliyetua gunia. Niliona kwa macho yangu. Ile kitu ilimtoka kweli!

Kikombe kikaja kwangu.

Nikasimama mlangoni. Nikatia funda. Maji ya Werugha ni baridi, yanauma meno. Wote walikuwa kimya nyuma yangu, kimya kile nilichokuwa nikikitafuta maisha yangu yote. Nilijua maneno. Nilikuwa nimeyasema Jumamosi ngapi, kwa madereva, kwa wateja, kwa watu nisiowajua vizuri. Imetoka. Neno moja tu!

Nikaona boza jeupe. Nikaona Shali na kikombe chake. Nikahisi ule mkono wenye jasho kichwani.

Nikameza.

Nilisikia Wakesho akivuta pumzi. Baba mdogo, ambaye hasikii vizuri, ndiye peke yake aliyeuliza, "Amepuliza?" Nikaweka kikombe chini, nikawaaga, nikateremka mlima.

Mwadime alimweleza Mchungaji ukweli, naambiwa, ofisini, mlango umefungwa. Mbele ya waumini halijasemwa. Wateja wengine wamerudi, maana kiu haina kumbukumbu ndefu. Lakini ile video bado inazunguka, na mgeni akifika Voi ataonyeshwa. Mwadime amehamia kwenye uwanja wake, ana maboza yake. Hulala vizuri, Wakesho ananiambia. Amenenepa. Hunitumia salamu kila wiki.

Mimi bado nakwenda makaburini. Jumamosi alasiri, na chupa. Ndovu wamevunja ua upande wa pili pia. Nakaa kwenye kigae cha mama, nashika funda... na siwezi. Nikisikia hatua nageuka kuangalia nani ameshika simu. Njiwa wapo, upepo upo, gari moshi linapita na kuisha, lakini kile kimya hakipo tena. Ndani yangu kuna boza linanguruma mchana na usiku. Narudi nyumbani na chupa imejaa, na Mama Shali huitazama chupa kabla ya kunitazama mimi. Siku hizi haniulizi nimetoka wapi.

Ndugu zangu mnaosoma haya, nawasihi. Kama unapo mahali unapoongea na Mungu, iwe makaburini, iwe shambani, iwe chooni kwako, pafiche! Usimpeleke mtu pale, hata kama ulimbeba mgongoni. Na simu isifike huko kabisa. Maombi yakishikwa kwenye simu si yako tena, ni ya yeyote anayejua kukata na kuunga.

Na lingine, hili ni gumu kwangu kuliandika. Ukiletewa kikombe, na aliyekuchoma yuko nyuma yako analia, puliza. Hata kama hustahili kuombwa upulize. Hata kama yeye ndiye aliyeanza kumeza. Mimi ni mtu niliyeshinda njaa, jua na ukame, nimenunua kila nilichokitaka Voi hii, na nimeshindwa na funda moja la maji.

Mama alituambia litakulia ndani. Linakua, jamani... linakua!